Khanga Inapepea, Kamera Inachanganyikiwa: Maswali Yenu Kuhusu 3D ya Vitu Visivyotulia

Wapendwa wasomaji, tangu tuongelee jinsi ya kutengeneza modeli ya 3D ya kinyago kwa picha za simu, barua zimekuja nyingi sana na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: kinyago sawa, jiwe sawa, ila vipi vitu ambavyo havitulii, yani nguo, mwili wa mtu, tanga la jahazi, ini la mgonjwa? Ukurasa wote wa leo nimewaachia hao.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Nilifuata maelekezo nikazunguka jiwe nikipiga picha, nikaziingiza COLMAP, ile programu ya kugeuza picha kuwa 3D, jiwe likatoka safi. Alafu nikafanya hivo hivo kwa khanga ya mama iliyoanikwa kwenye kamba, kulikuwa na upepo kidogo tu, ikatoka vumbi linaelea hewani, ila ukuta wa nyuma umetoka vizuri kabisa! Simu yangu mbovu au mimi ndo nakosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Simu yako nzima, na huo ukuta uliotoka vizuri ndo ushahidi wenyewe. Programu kama COLMAP na Meshroom zinafanya kazi kwa sharti moja ambalo hutaliona limeandikwa kwenye kitufe chochote: kitu kitulie, kamera ndo izunguke. Ukipiga ua lililochorwa kwenye ukuta ukiwa kushoto, kompyuta inachora mstari kutoka kwenye kamera kwenda kwenye ua, ukipiga ukiwa kulia inachora mstari wa pili, inapokutana hiyo mistari miwili ndipo ua lilipo. Sasa kwenye khanga, wakati unahama kutoka kushoto kwenda kulia upepo nao umeshahamisha ua, kwa hiyo mistari haikutani, au inakutana mahali ambapo khanga haijawahi kufika hata siku moja. Ni sawa na kumpima mtoto urefu huku anaruka. Programu ikiona mistari haielewani inazitupa hizo pointi na kubaki na zile zinazoelewana, ndo mana ukabaki na ukuta na nguzo za kamba.

Ngoja nikupe hesabu maana wewe ni mwanafunzi na hii hesabu ukiielewa umeelewa nusu ya fani nzima. Chukua pointi 100 kwenye kitu chako na picha 20. Kila picha inakupa namba mbili kwa kila pointi, iko wapi kwa upana na iko wapi kwa urefu, jumla unazo namba 4,000. Kama kitu ni jiwe, usivyovijua ni nafasi ya kila pointi, namba tatu tatu, hizo 300, ongeza mahali na mwelekeo wa kamera kwa kila picha, namba sita sita, hizo 120. Jumla 420 tu, na una vipimo 4,000 vya kuzitafuta! Raha tupu. Sasa kama kitu ni khanga ya kwenye upepo, kila pointi ina nafasi mpya kwenye kila picha, kwa hiyo visivyojulikana ni 6,000 na zile 120 za kamera. Vipimo 4,000, visivyojulikana 6,120. Na ukiongeza picha haisaidii kitu, kwa sababu kila picha mpya inaleta namba mbili kwa kila pointi na inadai tatu. Deni linakua tu.

Kwa hiyo ile namba ya tatu, yani kina, lazima itoke mahali pengine. Ama uwe na kamera nyingi zinazopiga sekunde ile ile moja, ama uwe unajua kitu chako kinapindaje kabla hujagusa kamera. Njia ni hizo mbili, na mtu yeyote anayekuuzia ya tatu mwangalie vizuri utakuta ni mojawapo ya hizo imevalishwa nguo mpya.

Historia kidogo. Mwaka 1992 Carlo Tomasi na Takeo Kanade walionyesha kwamba ukipanga pointi zote za kitu kigumu kwenye jedwali moja kubwa, jedwali hilo linaweza kupasuliwa mara mbili, upande mmoja kamera upande mwingine umbo, hesabu nzuri mno ile, ninaipenda mpaka leo. Mwaka 2000 Christoph Bregler, Aaron Hertzmann na Henning Biermann wakasema sawa, tuchukue uso wa mtu anayeongea, hauwi na sura milioni, zipo sura chache za msingi na kila fremu ni mchanganyiko wa hizo kwa viwango tofauti. Rudi kwenye hesabu yetu: tuseme sura za msingi ni 5, namba za sura zinakuwa 1,500, viwango vya kuchanganya 100, kamera 120, jumla 1,720. Imeshuka chini ya 4,000, deni limelipika. Umeona kilicholilipa? Siyo kamera bora, ni kile walichokijua kuhusu uso.

Khanga kwenye upepo lakini siyo uso, mikunjo yake ni mingi haishikiki kwa sura tano. Soma jibu linalofuata, limekuhusu.

SWALI: Mwalimu habari za kazi, mie nauza khanga mtandaoni niko Tanga. Ningetaka mteja aione khanga ilivyo ikiwa imevaliwa, aizungushe kwa kidole. Nina simu moja tu na sina hela ya studio. Itawezekana kweli?

JIBU: Inawezekana dada yangu, na kati ya bidhaa zote ungeweza kuchagua, khanga ni ya bahati sana kwa kazi hii, na nakwambia hivo kwa moyo wote.

Kwanza unaijua ikiwa imenyooka. Kabla hujamvalisha mtu, itandike sakafuni, ivute pembe zote nne, ipige picha moja kutoka juu, alafu ipime kwa futi ya fundi, nyingi zinacheza kwenye sentimita 150 kwa 110 lakini pima ya kwako usikariri. Hiyo picha ndo kiolezo chako. Kuanzia hapo kila picha ya khanga ikiwa imevaliwa inalinganishwa na kiolezo: hili ua la kwenye mji pale sakafuni lilikuwa hapa, sasa kwenye picha ya mtu liko pale.

Pili, khanga imejaa alama na kompyuta inataka alama. Ila kuna mtego. Pindo lina nakshi inayojirudia pande zote, kompyuta ikiona ua moja la pindo haijui ni la ngapi kutoka pembeni, inaweza kulibandika sentimita kumi mbali na mahali pake. Na mji wenyewe mara nyingi upande wa kushoto unafanana na wa kulia. Kitu ambacho hakijirudii ni jina! Yale maandishi yako sehemu moja tu ya khanga, herufi zake zimefuatana kwa mpangilio mmoja, ukiyashika yale umeshajua kila kilichopo jirani yake kiko wapi. Kwa hiyo unapompiga picha mtu aliyevaa, hakikisha jina linaonekana hata kipande. Mvaaji atataka lionekane pia, wote mnafurahi.

Tatu, na hapa ndo penye utamu, pamba haivutiki. Au tuseme haivutiki sana. Kama maua mawili sakafuni yana sentimita 10 kati yake, basi hewani huko hata khanga ikunjweje, umbali wa moja kwa moja kati yao hauwezi kuzidi sentimita 10, unaweza kupungua tu pale penye mkunjo. Sasa fikiria: kutoka kwenye kamera unajua kila ua liko kwenye mstari gani, hujui tu liko mbali kiasi gani. Basi yasukume maua yote mbali na kamera kila moja kwenye mstari wake, yanavyokwenda mbali mistari inatanuka na maua yanaachana, mpaka ifike mahali kitambaa kinakaza, hakiendi tena. Hapo ndo penye khanga. Picha moja tu! Watafiti kama Mathieu Salzmann na Pascal Fua kule Lausanne, Uswisi, na Adrien Bartoli na wenzake kule Clermont-Ferrand, Ufaransa, wametumia miaka mingi kuonyesha kwamba hii njia ya kiolezo ina jibu linalopatikana kihesabu, siyo kubahatisha, ilimradi kitambaa hakivutiki, kiolezo kipo na kamera umeipima, yani unajua lenzi yake inavyoona. Mwanahisabati Gauss wa Ujerumani naye mwaka 1827 alishathibitisha kwamba uso ukipindwa bila kuvutwa kuna kipimo cha mpindo wake ambacho hakibadiliki kamwe. Karatasi iliyokuwa bapa unaweza kuiviringisha iwe bomba au koni, lakini hutaigeuza iwe mpira bila kuichana au kuikunja, na kompyuta ikijua hilo inafuta maelfu ya maumbo yasiyowezekana.

Tahadhari moja ambayo mafundi wa nguo wanaijua kuliko maprofesa: kitambaa cha kufumwa hakivutiki kwa urefu na kwa upana, ila kivute hanamu uone, kinaongezeka. Kwa hiyo mahali khanga imefungwa kwa kuvutwa pembe kwa pembe, pale kifuani kwenye fundo, modeli itasema uongo kidogo. Weka uvumilivu wa asilimia chache kwenye sharti lako na usiamini sana eneo la fundo.

Na kwa vile unauza, mwambie mvaaji asimame tu, asicheze, wewe ndo umzunguke taratibu sehemu isiyo na upepo, ndani siyo kibarazani. Akitulia sawasawa hata programu za kawaida zitatoa kitu, kiolezo kitamalizia pale alipotikisika.

SWALI: Nguo nyeusi ya buibui haitoki kabisa kwenye 3D, satini nayo hovyo. Kwanini?

JIBU: Nyeusi tupu haina alama, kamera haijui pointi hii ya leo ndo ipi kwenye picha ya kesho. Satini ina mng'ao na mng'ao hauko kwenye kitambaa, unatembea kadiri kamera inavyotembea, kwa hiyo kompyuta inafuata kitu ambacho hakipo. Dawa ni kuweka alama, vibandiko vidogo au chaki ya fundi kama nguo ni ya majaribio. Kamera za kina, yani zinazopima umbali, nyingine zinafanya jambo hilo hilo kwa mwanga, ile iPhone X ya 2017 inarusha usoni vidoti vya infraredi zaidi ya 30,000 usivyoviona. Lakini vitambaa vingine vyeusi vinameza hata hiyo infraredi, kwa hiyo jaribu kwanza kabla ya kununua.

SWALI: Assalam aleikum mwalimu. Mie ni fundi cherehani hapa Mombasa, wateja wangu wengi wako Maskati na Uingereza, vipimo wanavyonitumia kwa simu haviji sawa, nguo zinarudi. Nimeona app zasema mtu ajipige picha mbili tu, ya mbele na ya ubavu, zatoa vipimo vyote. Niziamini?

JIBU: Waleikum salaam fundi. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hapa pana hela ya mtu.

Picha mbili haziwezi kutoa mwili mzima kwa hesabu peke yake, ushaona hapo juu. Hizo app zinajaza pengo kwa modeli ya mwili iliyojifunza kutoka kwa watu wengine. Maarufu kabisa ni SMPL, ilitoka 2015 kwenye taasisi ya Max Planck kule Tübingen, Ujerumani. Ni mwili wa kompyuta wenye pointi 6,890, unene na urefu wake mara nyingi unaendeshwa na namba 10 tu na mkao wa viungo unaendeshwa na namba 72. App inageuza hizo namba mpaka kivuli cha modeli kifanane na kivuli cha mteja kwenye picha, alafu inapima kiuno cha modeli, siyo cha mteja. Narudia, inapima modeli.

Sasa hizo namba 10 zimejifunza kwa nani? Maumbo ya SMPL yametoka kwenye skani za mradi wa CAESAR, watu kama elfu tatu na mia nane hivi, na ule mradi ulipima watu wa Marekani, Canada, Uholanzi na Italia. Hakuna Mombasa humo, hakuna Maskati. Mwanamke mwenye nyonga pana na kiuno chembamba kuliko walivyo watu wa kwenye hizo skani atavutwa kuelekea wastani wa kwao, na wewe utakata dera kwa wastani wa mtu wa Rotterdam. Hili jambo linaniuma kusema kweli, maana teknolojia yenyewe ni nzuri, ila hatutapata huduma sawa mpaka miili yetu nayo iingie kwenye data, kwa ridhaa ya wenyewe na kwa heshima.

Tatizo la pili ni kipimo. Kamera moja haijui tofauti ya mtu mdogo aliye karibu na mtu mkubwa aliye mbali, ndo mana app inauliza urefu wako. Wengine wanamwambia mteja ashike karatasi ya A4 kwa vile inajulikana ni milimita 210 kwa 297. Wazo zuri, ila angalia: kamera iko mita 2.5, mteja kanyoosha mkono kidogo karatasi iko sentimita 25 mbele ya mwili. Karatasi inaonekana kubwa kuliko inavyostahili na mwili unahesabiwa pungufu kwa asilimia 10, nyonga ya sentimita 100 inakuja 90. Hiyo nguo haivaliki! Karatasi ibandikwe kwenye mwili wenyewe, ubavuni kwenye mstari wa mshono, siyo mkononi.

Tatu ni nguo. Mteja akijipiga picha na dera au kanzu, kamera inaona kitambaa, mwili uko ndani huko. Na huwezi kumwambia mama wa watu avae vya kubana ajipige picha akutumie, mimi binafsi sitakushauri hivo hata siku moja, picha zikishatoka kwenye simu yake hazirudi.

Ushauri wangu basi: tumia app kwa urefu wa mkono, wa gauni, upana wa mabega, vitu vinavyonyooka. Kifua, kiuno na nyonga bado ni futi, mtumie mteja video fupi ya wewe ukionyesha futi inakaa wapi mwilini, naona hapo ndo vipimo vya simu vinapoharibika zaidi.

SWALI: Mimi nahodha, Lamu. Kwenye mashindano ya majahazi nataka kujua tumbo la tanga langu linakaaje likijaa upepo, mana nikilivuta sana naona chombo kinapungua mbio. Kamera ya kawaida yaweza kunisaidia?

JIBU: Yaweza nahodha, na wenzako wa mashua za mashindano huko nje wanafanya hivo muda mrefu sasa. Tanga ni jeupe tupu, yani tatizo la buibui lililogeuzwa rangi, kwa hiyo wao wanabandika milia myeusi inayokata tanga kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma kwa usawa, mmoja chini, mmoja katikati, mmoja juu. Kamera inafungwa chini ya mlingoti inaangalia juu. Mlia uliokuwa umenyooka wakati tanga liko mchangani, ukijaa upepo unapinda, na ule mpindo ndo tumbo lako kwa urefu ule.

Chora mstari kutoka ncha ya mlia hadi ncha nyingine kwenye picha, pima mahali tumbo limeenda mbali zaidi na mstari, gawa kwa urefu wa mstari. Ukipata 12 kwa 100 hilo tumbo ni asilimia 12. Angalia pia kilele cha tumbo kiko mbele karibu na foromali au kimerudi nyuma, mara nyingi hiyo ndo habari kubwa kuliko kina chenyewe, kikirudi nyuma chombo kinalala na kusukumwa pembeni badala ya kwenda mbele. Piga ukiwa umevuta demani, ile kamba ya tanga, kiasi hiki, legeza, piga tena, linganisha. Hapa huhitaji modeli nzima ya 3D, mipindo mitatu inakutosha, na mipindo mitatu iliyo sahihi ni bora kuliko tanga zima la kubuni. Milia ishone kabisa kwa kitambaa chepesi.

SWALI: Mwalimu sasa. Niko Nairobi, naandika kodi. Hii stori ya kiolezo na hesabu si imepitwa? Siku hizi unaweka video kwa AI inatoa 3D inayosonga, nimeona NeRF, nimeona gaussian splatting, zote zinatoa watu wakicheka, nguo zikipepea. Si hii kitu imeisha?

JIBU: Poa kijana. Haijaisha, lakini imesonga kweli na nimefurahi umeuliza. NeRF, yani mtandao wa AI unaojifunza eneo zima kutoka kwenye picha zake, ilitoka 2020, ya vitu vilivyotulia. Mwaka 2021 ikaja Nerfies, unajizungusha simu kama unapiga selfi, kila fremu inapindwa kurudi kwenye umbo moja la pamoja, kumbe ni kiolezo kile kile cha khanga ila sasa kompyuta inakijenga yenyewe njiani. Gaussian splatting, inayojenga kitu kwa vidoa vingi laini vya rangi, ikaja 2023 kutoka taasisi ya Inria, Ufaransa na wenzao, nyepesi na ya haraka, watu wakaiongezea muda ili ishike na vitu vinavyosogea. Kabla ya hizo zote mfumo wa DynamicFusion wa 2015 pale Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ulishafanya mtu anayesogea atoke 3D papo hapo kwa kamera moja ya kina, na sharti lake lilikuwa asogee taratibu, na vitu vilivyoanza vikiwa vimegusana vikiachana unapata shida.

Swali la kuuliza kila demo ni hili: ile namba ya tatu imetoka wapi? Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, walikagua majaribio yaliyokuwa yanatumika kupima hizi njia wakakuta kwenye mengi kamera inaruka ruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine haraka kuliko kitu kinavyosogea, yani ni kamera nyingi zimejificha ndani ya video inayoitwa ya kamera moja. Walipopima kwa video kama zile mtu wa kawaida anapiga, matokeo yakashuka sana. Na ile mitandao mipya inayokisia kina kutoka picha moja imejifunza kwenye mamilioni ya picha, hiyo nayo ni elimu ya awali, imekaa ndani ya uzito wa mtandao, yani namba ulizojifunza, badala ya kukaa kwenye kanuni ya Gauss.

Kitu kingine, picha nzuri siyo kipimo. Splatting inaweza kukutolea khanga inayopendeza ukiangalia karibu na pale simu ilipopita, zungusha hadi ubavuni uone mawingu. Kwa mchezo wa video hiyo inatosha. Kwa fundi wa Mombasa haitoshi na kwa anayefuata hapa chini haitoshi kabisa. Wewe kama unaandika kodi, ongeza sharti la kutovutika kwenye splatting yako ya nguo, weka kiolezo kama kipo, utashangaa video ile ile inatoa nini.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa theta, Mwanza. Daktari mmoja mgeni alituonyesha video ambayo kwenye skrini ya upasuaji wa matundu uvimbe uliojificha ndani ya kizazi ulikuwa unaonekana kwa rangi. Ni kweli au ni matangazo?

JIBU: Ni kweli dada, utafiti huo upo, na kati ya matumizi yote ya fani hii ndo linanigusa zaidi. Kundi la Clermont-Ferrand lile la Bartoli limefanya kazi na madaktari wa wanawake kwenye fibroidi. Mgonjwa anapigwa MRI kabla, kutoka hapo inajengwa modeli ya kizazi na uvimbe uliomo ndani. Hiyo ndo khanga ya sakafuni, kiolezo. Kisha ndani ya upasuaji kamera moja iliyoingizwa tumboni inaona ngozi ya nje ya kizazi, kompyuta inaikunja modeli mpaka ilingane na inachokiona, na uvimbe unafuata mle ndani, unachorwa juu ya picha. Daktari anajua akate wapi.

Ugumu wake unaujua wewe kuliko mimi. Tumbo limejazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, viungo vimehama kutoka vilivyokuwa kwenye MRI, mgonjwa anapumua, vifaa vinavuta na kusukuma, kila kitu kinang'aa kwa unyevu, damu inafunika alama, moshi wa kuchomea unapita. Na nyama siyo pamba, inavutika, kwa hiyo lile sharti la kutovutika linabadilishwa, unaweka ugumu wa tishu, kwamba ini likibonyezwa hapa linajaa pale. Kizazi kwa kiasi kina afadhali kwa sababu ni kigumu na kinashika umbo, ini ni laini zaidi na mara nyingi kamera inaona sehemu ya mbele tu, upande wa nyuma wote ni kukisia. Kitu kingine, ukishakata, kiolezo kimechanika na modeli ya mwanzo haisemi kweli tena.

Kwa hiyo mkiletewa mfumo kama huo waulizeni waonyeshe kosa kwa milimita, na kwamba skrini inamwambia daktari pale isipokuwa na uhakika. Rangi nzuri inayochorwa milimita kumi pembeni ni hatari kuliko kutokuwa na rangi.

SWALI: Nataka kurekodi mchezaji wa ngoma na sketi yake ikizunguka, Bagamoyo. Nimeazima simu za wenzangu zipo nne. Zinatosha au mpaka kamera 100?

JIBU: Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walijenga kuba lenye kamera 480 ndogo na nyingine 31 za HD, kila sekunde ndogo inapigwa na zote pamoja kwa hiyo kwao mchezaji ni jiwe, fremu baada ya fremu. Wewe na simu nne utapata mbele au nyuma ya sketi siyo yote, ila ni mwanzo mzuri.

Shida yako kubwa itakuwa muda. Video ya fremu 30 kwa sekunde kila fremu ni milisekunde 33. Pindo la sketi likienda mita 2 kwa sekunde, linahama sentimita 6.6 kati ya fremu na fremu, simu zikipishana nusu fremu tu una kosa la sentimita 3 na zaidi kidogo. Rekodi kwa fremu 120 au 240 kama simu zinakubali, pigeni makofi mbele ya simu zote mwanzoni na mwishoni, tumia ule mlio kwenye sauti kupanga video ziende pamoja. Fupisha muda wa kuingiza mwanga, yani weka shata sekunde 1 kwa 1000, hapo pindo linahama milimita 2 tu wakati wa kupiga, lakini utahitaji jua, kwa hiyo iwe asubuhi nje siyo usiku kwenye taa. Zima HDR, ile ya kuchanganya picha za mwanga tofauti, na kile kitu cha kutuliza video maana kinakata na kuhamisha picha kwa siri na kamera yako haitakuwa tena ile uliyoipima. Weka simu kwenye vigoda au matofali zisiguswe, zikaribiane, nyuzi 20 hadi 30 kati ya moja na ya pili, usizitawanye pembe nne za uwanja hazitaona alama zinazofanana. Na sketi chagua yenye maua makubwa yasiyofanana, itandike chini uipige picha kabla hajaivaa.